Sura ya 7: Kichwa cha Rangi ya Waridi

Mwaka 1957 kampuni ya Lionel ya Marekani ilitengeneza treni ya umeme ya kuchezea kwa ajili ya wasichana. Kichwa chake kilipakwa rangi ya waridi. Behewa moja likawa la manjano ya siagi, jingine zambarau mpauko, na la mkiani buluu ya anga. Waliipa jina Lady Lionel, wakaipeleka madukani, ikadoda. Msichana aliyependa treni alitaka treni kama ya kaka yake, nyeusi na nzito, inayotoa moshi kama ile iliyopita nyuma ya mtaa wao. Mpaka leo inasimuliwa kwamba kuna wenye maduka walioipaka rangi nyeusi ili angalau iondoke rafuni.

Kilichododa mwaka ule ndicho kinachowindwa sasa. Kwa kuwa walioinunua walikuwa wachache, zilizobaki ni chache, na seti kamili yenye maboksi yake imekuwa miongoni mwa treni za Lionel za miaka ya 1950 ambazo wakusanyaji huzitafuta kwa udi na uvumba. Lakini gamba la kichwa kile cha waridi ni lile lile la kichwa cheusi namba 2037, ambacho Lionel ilikitoa kwa wingi na kwa miaka. Mwenye kichwa cheusi cha bei ndogo na kopo la rangi ana karibu kila anachohitaji ili kukuingiza mjini.

Ndiyo maana mkaguzi anayeijua kazi hakiangalii kichwa cha waridi kwa juu. Hukigeuza. Hufungua skrubu, akalivua gamba, akachungulia kwa ndani kuona kama rangi ni ya kiwandani au ilipuliziwa uani kwa mtu. Hutazama mifereji ya skrubu zenyewe, maana rangi iliyopakwa baadaye hujaa mle. Huzima taa akamulika mwanga wa urujuanimno, kwa sababu rangi ya zamani na rangi mpya mara nyingi hazing'ai namna moja gizani. Kazi hiyo haichukui zaidi ya dakika 10 mezani. Tangazo la mnada wa mtandaoni halikupi hata moja ya dakika hizo. Linakupa picha nne, neno ADIMU kwa herufi kubwa, na bei.

Kwa msomaji ambaye treni kwake ni chombo cha kumfikisha Dodoma au Voi, nieleze kidogo ninachokizungumzia. Treni za mfano ni treni halisi zilizopunguzwa kwa kipimo maalumu. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni HO, yaani 1 kwa 87: behewa la mita 20 linakuwa la sentimita 23, likitembea juu ya reli zenye upana wa milimita 16.5. Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilionesha treni zake za vipimo vya kudumu kwenye maonesho ya Leipzig mwaka 1891. Lionel ilianzishwa New York mwaka 1900, na Frank Hornby wa Liverpool akaanza kuuza treni zake mwaka 1920. Vizazi vya watoto wa Ulaya na Marekani viliamka asubuhi ya Krismasi vikakuta treni inazunguka chini ya mti. Watoto wale walipokuwa watu wazima, wakiwa na mishahara, walirudi kununua kile ambacho baba hakuweza kukinunua. Hapo ndipo ilipozaliwa hobi ya kukusanya treni. Mwaka 1954 wapenzi wachache waliunda huko Pennsylvania chama kinachoitwa Train Collectors Association, nacho kikaweka daraja za hali ya kitu ili mtu anayeandika barua kutoka jimbo la mbali na anayeisoma waelewane. Daraja hizo sasa huandikwa C-1 hadi C-10, na C-10 ni kitu kisicho na doa.

Naitaja historia hiyo kwa sababu soko hili lilijengwa juu ya neno la mtu. Hata mnada wa mtandaoni ulianza hivyo. Septemba 1995, Pierre Omidyar alifungua kule California tovuti aliyoiita AuctionWeb, ambayo baadaye ikawa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika. Ilikwenda kwa dola 14.83. Omidyar alishangaa, akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba ni mbovu. Mnunuzi akajibu kwamba yeye hukusanya kalamu za leza mbovu. Kitu kibovu kilinadiwa kama kibovu, na kikapata mtu wake.

Sasa nenda katafute kichwa cha Tyco cha miaka ya 1970. Tyco ilikuwa kampuni nzuri kwa kazi yake, yaani kuuza seti za HO za bei nafuu katika maduka ya vitu vya watoto. Zilitoka kwa wingi mno. Mota yake imebanwa ndani ya seti moja ya magurudumu, ndoano zake za plastiki za kuunganishia mabehewa zimeshikamana na vigari vya chini, na wapenzi wa leo wanaotaka treni itembee vizuri huzing'oa ndoano hizo jambo la kwanza. Ni kitu cha kumpa mjukuu achezee. Lakini kwenye matangazo utakikuta kimeandikwa "cha kale, adimu sana, cha wakusanyaji", kikidaiwa bei ya kichwa kipya cha kisasa chenye sauti na taa. Tangazo hilo hukaa. Mwezi unaisha, linarudishwa. Mwaka unaisha, lipo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kimetembezwa mpaka soli zimekwisha.

Mtu atauliza: kama hakinunuliwi, kuna ubaya gani? Muuzaji ana haki ya kutaja bei aitakayo. Ni kweli anayo. Ubaya ni kwamba bei isiyolipwa na mtu hufanya kazi ikiwa imekaa pale pale. Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulikumbuka, maana tulikuwemo. Walizungusha gurudumu la bahati nasibu mbele ya watu, kisha wakawauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Gurudumu lilikuwa limechezewa, likisimama ama kwenye 10 ama kwenye 65. Walioona 10 walikisia, kwa wastani wa kati, asilimia 25. Walioona 65 walikisia 45. Kila mmoja aliona kwa macho yake kwamba namba ile haihusiani na Afrika wala Umoja wa Mataifa, na bado ilimvuta.

Bei ya dola 400 juu ya kichwa cha Tyco hufanya hivyo hivyo. Unaiona, unaicheka, unaendelea. Kisha unakutana na kingine cha aina ile ile kwa dola 120, moyo unasema: huyu ana nafuu. Nafuu ya nini? Kichwa kile huenda hakijawahi kuuzwa zaidi ya dola 20. Wauzaji wengine nao huchungulia matangazo ya wenzao kabla ya kupanga bei zao, kwa hiyo bei moja ya kubuni huzaa bei tano, na baada ya muda mtu anaapa kwamba "sokoni ndiyo bei yake".

Kuna dawa, na haigharimu kitu. Kwenye eBay unaweza kuchuja matokeo ili uone vilivyouzwa tu, kwa siku 90 zilizopita. Bei za pale huandikwa kwa kijani, na ndizo pekee zinazostahili kuitwa bei, kwa sababu kuna aliyekubali kulipa. Hata hapo kuna mtego. Pale muuzaji alipokubali bei pungufu baada ya mapatano, orodha huonesha bei ya mwanzo ikiwa imekatwa mstari, na kiasi kilicholipwa hakionekani. Asiyejua husoma ile iliyokatwa akaipokea kama ushahidi. Bei iliyokatwa mstari usiihesabu.

Bei hukithiri pia kwa jina la kumbukumbu. Mwaka 1976 Marekani ilitimiza miaka 200 ya uhuru. Kampuni ya reli ya Seaboard Coast Line ilikuwa imeshapaka kichwa chake kimoja rangi nyekundu, nyeupe na buluu na kukipa namba 1776. Watengenezaji wa treni za mfano, Lionel na Tyco wakiwemo, wakakimbilia rangi hizo. Watu wakanunua na kuweka kabatini bila kufungua, kwa imani kwamba watoto wao watakuja kusomeshwa na boksi lile. Nusu karne baadaye maboksi bado yapo, mengi, safi, na hayamsomeshi mtu. Lady Lionel ilikuwa adimu kwa sababu ilinunuliwa na wachache, na hakuna aliyefikiria kuihifadhi. Treni ya 1976 ilihifadhiwa na kila mtu. Ukikuta tangazo linasema "toleo maalumu la kumbukumbu", jiulize ni wangapi waliambiwa maneno hayo hayo siku ile ile.

Nimezungumzia bei iliyokithiri. Udanganyifu wenyewe ni jambo jingine, na mara nyingi hausemi uongo wowote. Huacha tu kusema.

Neno la kwanza katika kamusi ya udanganyifu huo ni "haijajaribiwa". Muuzaji ana picha 12, ana maelezo ya aya tatu kuhusu babu aliyeacha treni hiyo darini, lakini hakupata namna ya kujua kama inatembea. Treni nyingi za HO hutumia umeme wa moja kwa moja usiozidi volti 12 hivi. Betri ndogo ya volti 9, ya mstatili, ya kuwekwa kwenye king'ora cha moshi, ukiigusisha na reli kwa nyaya mbili, mota ikiwa nzima itageuka. Kwa Lionel unahitaji transfoma yake, na hapo nimeona mara nyingi kitu cha kusikitisha: fungua orodha ya vitu vingine vya muuzaji yule yule, utaikuta transfoma kutoka darini kule kule, inauzwa peke yake, na maelezo yanasema inafanya kazi vizuri. Basi alijaribu. Neno "haijajaribiwa" usomapo kwenye tangazo, lisome "haifanyi kazi", na upange bei yako hivyo.

Neno la pili ni "mimi si mtaalamu wa treni". Kuna wanaoliandika kwa moyo mweupe: mjane, binti aliyerithi, mtu aliyenunua ghala zima na humo akakuta boksi. Hao nawaheshimu, nitawarudia. Lakini kuna anayejua sana, naye huvaa ujinga kama kanzu. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni wa mchoro, na kila muuzaji wa treni wa aina hiyo ni mwanafunzi wa aliyeuuza. Mwaka 2000 Kenneth Walton, wakili wa California, aliweka eBay mchoro mkubwa wa rangi mchanganyiko kwa kuanzia senti 25. Aliandika kana kwamba ni mtu wa kawaida aliyeuokota kwenye mauzo ya uani, kwamba mke wake hautaki ndani, kwamba mtoto aliutoboa kwa baiskeli ya magurudumu matatu. Hakuwa na mke wala mtoto. Kwenye pembe, pichani, zilionekana herufi RD na namba 52, na yeye hakuzitaja. Waliojua walijisomea wenyewe: Richard Diebenkorn, 1952. Dau likapanda mpaka dola 135,805. Ilipogundulika kwamba Walton na wenzake walikuwa wakipandishiana madau kwa majina ya bandia, mauzo yakafutwa, akafikishwa mahakamani, akakiri, na uwakili ukamponyoka.

Angalia alivyofanya. Hakumwambia mtu kwamba mchoro ni wa Diebenkorn. Alimwachia mnunuzi ajione mjanja. Ndivyo kichwa cha waridi kinavyouzwa: picha moja ya pembeni, maelezo "kinaonekana cha zamani, kilikuwa cha mama, sijui chochote", na mnunuzi usiku wa manane anadhani ameokota dhahabu mikononi mwa mjinga. Tamaa yetu ya kumlalia asiyejua ndiyo chambo. Hili ni gumu kulikubali, nami nimelikubali kwa gharama.

Nilinunua kichwa kidogo cha Uingereza cha miaka ya 1930. Tangazo lilisema "hali nzuri kwa umri wake". Picha zilikuwa tatu, zote kutoka juu na upande wa kushoto, na muuzaji alikuwa na haraka. Bei ilikuwa chini ya niliyoijua, nikanyamaza ili asizinduke. Boksi lilipofika, nilisikia mchakacho kabla sijalifungua, kama punje za mchele ndani ya kopo. Kichwa kilikuwa kimepinda kidogo katikati, kama ndizi. Upande wa kulia, ule ambao haukupigwa picha, ulikuwa na nyufa nyembamba zinazotambaa kama mishipa ya jani. Gurudumu moja nililigusa kwa kidole likaachia kipande. Muuzaji alijibu kwamba yeye si mtaalamu.

Kilichokila kichwa kile wakusanyaji hukiita tauni ya zinki. Sehemu nyingi za treni zilitengenezwa kwa kuyeyusha zinki pamoja na aluminiamu na kumimina kwenye kalibu. Zinki ikiwa safi, kitu hudumu. Ikichanganyika na risasi, hata kidogo sana, metali huanza kuharibika kutoka ndani: huvimba, hupasuka, humong'onyoka. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ilileta mchanganyiko ulioitwa Zamak, uliotumia zinki safi kwa asilimia 99.99, lakini si kila kiwanda kilikuwa makini, na vipande vya risasi vikiangukia kwenye chungu hakuna aliyeona. Haina tiba. Haiungwi kwa gundi wala haipakwi dawa. Treni nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zinaoza hivyo, na hata baadhi ya zilizotengenezwa miaka ya karibuni zimepatikana na ugonjwa huo huo. Mtu anayeuza treni ya chuma ya kale bila kuonesha upande wa pili na tumbo lake anakuficha jambo, au hajui kwamba lipo la kuangaliwa, na pochi yako haitofautishi.

Kuna pia maboksi. Kwa wakusanyaji wa Lionel, boksi la karatasi la miaka ya 1950 linaweza kuwa na thamani kuliko behewa lililomo, maana watoto walitunza treni wakatupa boksi. Kwa hiyo zipo nakala za maboksi, zilizochapwa vizuri, zinazouzwa kihalali kwa wanaotaka kupamba rafu. Kosa huanza boksi hilo linapouzwa mara ya pili, tangazo likisema tu "na boksi lake". Lake la nani? Uliza kama ni la asili au ni nakala, uliza kwa maandishi, kwa sababu jibu la maandishi ndilo litakalokutetea ukidai urudishiwe fedha kwa kuletewa kitu kisicholingana na maelezo.

Na wapambe. Kila aliyewahi kusimama kwenye mnada anawajua: yule jamaa anayepandisha dau kwa sauti kubwa kisha haonekani kubeba kitu. Mtandaoni yupo pia, ila hana sura. Mnada wa eBay hukuruhusu kuweka kiwango chako cha juu kwa siri, na mtambo hukupandishia kidogo kidogo inapobidi. Tuseme umeweka dola 200, na mshindani wa kweli ameishia 90. Ungelipa juu kidogo ya 90. Akitokea mpambe, atapima: 110, 130, 150, 180. Kila mara mtambo unamjibu kwa niaba yako. Anaacha akihisi amekaribia dari. Umeshinda, umelipa ulichokubali, hujaibiwa kwa jinsi yoyote utakayoweza kuithibitisha, na karibu dola 90 zimetoka mfukoni mwako bure. Njia ya kumkwepa ni kutoliweka dau lako mapema. Subiri sekunde za mwisho, weka mara moja kiasi ambacho hutajuta kukilipa, kisha ondoka mezani.

Nilisema nitawarudia wanaouza kwa moyo mweupe. Watoto waliopokea treni chini ya mti miaka ya 1940 na 1950 sasa ni wazee sana au wametangulia, na makabati yao yanafunguliwa kwa wakati mmoja huko Ulaya na Marekani. Treni zinazoingia sokoni ni nyingi, vijana wanaozitaka ni wachache, na bei za vitu vya kawaida zimeshuka. Mjane anafungua kitabu cha bei cha miaka ya 1990 ambacho marehemu alikiweka pembeni ya kiti, anachungulia matangazo, anaona dola 400, anajumlisha. Anadhani ana nyumba ndani ya maboksi yale. Wanaokuja kumpa bei ya haki anawafukuza kama walanguzi. Mwaka wa tatu anachoka, na mlanguzi wa kweli anabeba zote kwa bei ya kutupwa. Matangazo yale ya uongo yanamwumiza huyu kuliko yanavyoniumiza mimi na wewe, na ndiyo maana siwezi kuyaita mchezo.

Watu wetu wanaoishi Ulaya na Marekani wanakutana na mambo haya: mkwe amefariki, mwajiri mzee ameacha zawadi, ghorofa ya chini ina maboksi. Kama ni wewe, fanya hivi. Piga picha kila kitu pande zote nne, juu na chini, kwa mwanga wa dirishani. Kijaribu, na kama hakitembei andika hakitembei. Ndoano iliyovunjika itaje kabla hujaulizwa. Angalia bei za kijani, chukua ya katikati, iweke. Omidyar aliuza kalamu mbovu kwa kuiita mbovu, na mteja wake alikuwa anaisubiri.